Maswali Yenu: Mapambio ya Kambini na Nyimbo za Uamsho

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wanakwaya na waongoza nyimbo, na karibu zote zinahusu nyimbo za uamsho wa Kikristo zilizotungwa au kupata umaarufu Marekani katika karne ya 19. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu mhariri, kuna wimbo tunaouimba ambao beti zake zina majonzi ya msalaba tupu, halafu kiitikio kinachangamka kama cha harusini. Na si huo peke yake. Je, mtunzi alichanganyikiwa?

JIBU: Mtunzi hana kosa, ndugu yetu. Kiitikio si chake, na alikuwa kaburini zamani wakati kinabandikwa. Bila shaka unauzungumzia "At the Cross". Beti zake ni za Isaac Watts, zilichapishwa Uingereza mwaka 1707, na ndani yake mwimbaji anajiita mdudu mbele ya mateso ya Kristo. Kiitikio kinachosema kwamba sasa ana furaha mchana kutwa kiliunganishwa nazo na Ralph E. Hudson, Mmarekani, mwaka 1885. Kati ya majonzi na shangwe hapo kuna miaka 178. Robert Lowry naye alifanya hivyohivyo mwaka 1867 alipochukua beti nyingine za Watts, nazo za 1707, akazipachika kiitikio cha "We're Marching to Zion".

Hudson na Lowry walikuwa wakifuata desturi iliyozaliwa kambini, yaani kwenye mikutano ya injili ya nje ambako watu walipiga kambi. Julai 1800 mchungaji Mpresbiteri James McGready aliitisha mkutano kando ya Gasper River, Kentucky, na watu wakaja na magari ya farasi wakalala hapohapo. Agosti mwaka uliofuata ukaja mkutano wa Cane Ridge, karibu wiki nzima, Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti pamoja. Makadirio ya waliohudhuria ni kati ya watu 10,000 na 25,000, wakati Lexington, mji mkubwa wa eneo hilo, haukuwa na wakazi 2,000.

Sasa fikiria kuimbisha umati huo. Wengi hawasomi. Vitabu vilivyopo ni vijitabu vya mfukoni vyenye maneno matupu bila nota. Usiku mwanga ni wa mioto inayowaka juu ya vichanja vilivyofunikwa udongo. Beti sita za Watts haziimbiki hivyo. Kilichowezekana ni mtu mmoja anayezijua beti kwa moyo kuzitoa, na umati kudaka maneno machache yasiyobadilika. Mara ya kwanza mgeni anasikiliza, mara ya pili anaimba, mara ya tatu anamfundisha jirani yake.

Kwa kuwa beti nyingi za Watts, Charles Wesley na John Newton zilikuwa na mizani ya aina moja, pambio moja liliweza kuhama kutoka wimbo hadi wimbo, tena mkutano uleule. Hayo ndiyo mapambio tangatanga. Wakati mwingine hawakungoja hata ubeti uishe: mshororo mmoja, umati unaitikia "haleluya", mshororo wa pili, "haleluya" tena. Na kulikuwa na nyimbo ambazo karibu zote ni pambio. "Say, Brothers, Will You Meet Us" inarudia mshororo mmoja mara tatu kisha inaufunga kwa mwingine. Ubeti unaofuata unahitaji kubadilisha neno moja tu, ndugu wawe dada, kisha baba, kisha mama. Ukoo wote ukiisha, wimbo umekwenda robo saa bila mtu kufungua kitabu. Tuni hiyo ndiyo iliyochukuliwa na askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa wimbo wa John Brown, mpinga utumwa, na juu yake Julia Ward Howe akaandika "Battle Hymn of the Republic", uliochapishwa Februari 1862.

Kama unataka kujua kiitikio cha wimbo wako kimebandikwa au ni cha asili, angalia mambo mawili. Hesabu mizani: beti zikienda 8 na 6 kwa utaratibu na kiitikio kikavunja hesabu hiyo, shuku. Kisha angalia anayesemeshwa. Beti zikimwambia Mungu na kiitikio kikawaambia wenzako "nani atakwenda nami?", basi hapo kuna mikono miwili.

Ushauri wetu kwa mwongozaji: pambio la kubandikwa si lazima liimbwe kila baada ya ubeti. Kama watu wanazijua beti, liweke baada ya kila beti mbili, maana beti za Watts hujenga hoja, na kukatizwa kila nusu dakika huiua. Kama watu hawazijui beti, liimbe kila mara. Ndiyo kazi lililoundiwa.

SWALI: Juu ya nyimbo kuna herufi C.M., L.M. au tarakimu 8.7.8.7. Nimeambiwa zinaniruhusu kubadilisha tuni. Nilipojaribu, wimbo mmoja ulikubali na mwingine ukavunjika. Nini kiliharibika?

JIBU: Tarakimu hizo ni hesabu ya mizani kwa kila mshororo, jambo ambalo mshairi yeyote wa Kiswahili analijua. C.M. ni 8.6.8.6, L.M. ni 8.8.8.8, na S.M. ni 6.6.8.6. Herufi D ikiongezwa, tuni ina urefu maradufu, mishororo minane. Ndiyo, tuni ya C.M. huweza kubeba maneno yoyote ya C.M., na hivyo ndivyo "Amazing Grace", maneno ya Newton yaliyochapishwa 1779, yalivyokuja kukutana na tuni ya New Britain katika kitabu cha William Walker cha 1835. Kabla ya hapo yaliimbwa kwa tuni nyingine.

Mizani kulingana hakutoshi, hata hivyo. Angalia mkazo. "Amazing grace, how sweet the sound" huanza na silabi nyepesi, mkazo unakuja kwenye ya pili, kwa hiyo tuni yake huanza kwa nota ya kudokeza kabla ya pigo zito. "Come, Thou Fount of every blessing", maneno ya Robert Robinson ya 1758, huanza na mkazo palepale, na tuni yake ya Nettleton inatua kwenye pigo zito tangu nota ya kwanza. Ukipachika maneno ya aina ya kwanza kwenye tuni ya aina ya pili, mikazo yote inaangukia viambishi na viunganishi. Watu wataimba, lakini watasikika kama wageni wa lugha. Kwa nyimbo za Kiswahili shida ni kubwa zaidi, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na hauhami. Soma mshororo kwa sauti huku unapiga meza kwa kufuata tuni. Pigo likiangukia mahali ambapo huwezi kutamka kwa kawaida, iache tuni hiyo.

Kosa la pili ni D. Ukiwa na tuni ya mishororo minane na beti tano za mishororo minne, mwisho wake utabaki na nusu tuni. Ruka ubeti mmoja au uchague tuni fupi.

La tatu ni mshororo wa mwisho kupungua. Mfano mzuri ni "Just as I Am" ya Charlotte Elliott, 1835. Maneno yake ni 8.8.8.6. William Bradbury alikuwa na tuni ya Woodworth, ya 1849, ambayo ni L.M. na ilibuniwa kwa maneno mengine. Mizani miwili inapungua mwishoni, na suluhisho lake lilikuwa kurudia "I come", ambayo ni silabi mbili kamili. Leo watu wengi hudhani mshairi mwenyewe alirudia. Nawe unaweza kufanya hivyo, ila kinachorudiwa kiwe na maana kikisimama peke yake. Kurudia kipande cha neno ni aibu.

SWALI: Tukiimba bila kinanda, wimbo unaanza vizuri kisha katikati kina mama wanapiga kelele na wanaume wananyamaza. Tena unakokota. Tufanyeje?

JIBU: Kinachowaangusha ni nota ya kuanzia. Mwongozaji anatafuta sauti inayomkaa vizuri kooni, kisha anaifanya nota ya kwanza ya wimbo. Kwa nyimbo zinazoanza na *d* (do ya solfa) haina neno. Lakini nyimbo nyingi za uamsho huanza na *s* (so) ya chini. New Britain huanza hapo na kupanda hadi *s* ya juu, oktava nzima, na kilele kinafika mwisho wa mshororo wa pili. Ukianzia *s* kwenye sauti ya kustarehe, kilele kitakuwa oktava moja juu ya starehe yako, na hapo ndipo wanaume wanaponyamaza.

Fanya hivi. Vumisha sauti ya kustarehe na uiite *d*. Shuka polepole *d, t, l, s*. Kama *s* hiyo inatoka kavu, panda nusu hatua ujaribu tena. Kisha ruka hadi *s* ya juu kimoyomoyo. Ikionekana mbali, shusha. Kwa mchanganyiko wa wanaume na wanawake wasio wanakwaya, kilele kisipite D iliyo oktava moja na hatua moja juu ya C ya kati ya kinanda. New Britain katika ufunguo wa F inakaa C hadi C, na katika G inakaa D hadi D. Sisi tungechagua F, hasa asubuhi.

Kukokota kuna sababu mbili. Moja ni watu kungojeana: kila mtu anamsikiliza jirani kabla ya kutoa sauti. Ya pili ni umbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 kutoka jukwaani anakusikia theluthi ya sekunde baadaye, na anachokurudishia kinakufikia baada ya theluthi nyingine. Uwanjani ukifuata unachokisikia utazidi kupunguza mwendo hadi wimbo ulale. Makambini walikuwa na waongozaji kadhaa ndani ya umati, na mara nyingi makundi mbalimbali yaliimba nyimbo tofauti kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho hatukushauri. Weka watu wanaojua wimbo kila mita 20 au 30, na wafuate mkono wako kwa macho, wasifuate sauti.

Kama hakuna vitabu, toa mishororo miwili kwa mara moja, haraka, karibu kwenye nota moja, na umalizie kwenye nota ambayo umati utaanzia. Usitoe mmoja mmoja bila kuangalia maana. Kuna zaburi ya Kiingereza ambayo mshororo wake wa kwanza, ukikatwa peke yake, unasema Bwana atakuja na papo hapo hatakuja, kwa kuwa neno la kunyamaza limebaki kwenye mshororo wa pili.

SWALI: Nimeona kurasa za vitabu vya zamani vya Marekani zenye nota za pembetatu na mraba. Ni mapambo?

JIBU: Ni njia ya kusoma. William Little na William Smith waliitoa mwaka 1801 katika *The Easy Instructor*. Majina ni manne tu: *fa* ni pembetatu, *sol* ni duara, *la* ni mraba, *mi* ni almasi. Ngazi nzima ya meja husomwa *fa sol la fa sol la mi*, kisha *fa* tena. Aliyezoea solfa yetu ajue kwamba *fa* ya kwanza ni *d* yetu na *mi* ni *t* yetu. Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza siku ya kwanza. Njia ya kuipata *mi*: bila flati wala shapu iko B, flati moja, iko E, flati mbili, iko A, shapu moja, iko F, shapu mbili, iko C. Jesse B. Aikin alitoa mfumo wa maumbo saba mwaka 1846, nao ndio ulioshika zaidi katika vitabu vya nyimbo za injili vya kusini mwa Marekani.

Vitabu viwili vilivyohifadhi nyimbo nyingi za kambini kwa maumbo manne ni *The Southern Harmony* cha Walker, 1835, na *The Sacred Harp* cha Benjamin Franklin White na E. J. King, 1844. Waimbaji hukaa pande nne wakitazamana, anayeongoza akasimama katikati akiwaelekea watu wa tena (sauti ya juu ya wanaume), na huimba kwanza majina ya maumbo mzunguko mzima kabla ya maneno. Ukivifungua, usitafute melodi kwenye mstari wa juu. Iko kwa tena, na wanawake kwa wanaume huiimba pamoja. Kwaya nyingi hukosea hapa: wanawapa soprano mstari wa juu kwa nguvu zote, na wimbo wenyewe unazama chini yake.

Humo pia utakuta "The Promised Land", maneno ya Samuel Stennett ya 1787 yenye pambio la kambini, kwa tuni ya maina (ngazi ya sauti yenye huzuni, kinyume cha meja). Ile ya meja inayojulikana zaidi leo ilirekebishwa na Rigdon M. McIntosh mwaka 1895. Ya maina ina uzito ambao ya meja imeupoteza, ijaribuni.

SWALI: Ubeti wa mwisho wa "Amazing Grace", wa miaka elfu kumi, ni wa Newton?

JIBU: La. Newton aliandika beti sita, na huo haumo. Ulikuwa umechapishwa Marekani tangu 1790 ndani ya wimbo mwingine, ukawa ubeti tangatanga, na mwaka 1852 Harriet Beecher Stowe akauweka pamoja na beti za Newton katika riwaya ya *Uncle Tom's Cabin*. Mizani ni ileile, C.M., ndiyo maana hakuna aliyesikia mshono.

SWALI: Je, ni kweli mapambio ya kambini yalitoka kwa Waafrika waliokuwa utumwani?

JIBU: Hakuna upande uliotoa yote, lakini mchango wao uliandikwa mapema, wakati mwingine na watu waliouchukia. Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa na kuja kuanzisha kanisa la Wamethodisti weusi, alichapisha kitabu cha nyimbo Philadelphia mwaka 1801, na humo kuna mapambio tangatanga miongoni mwa ya kwanza kabisa kuchapishwa. Mwaka 1819 Mmethodisti John F. Watson aliandika kulalamika kwamba weusi kambini huunganisha vipande vifupi vya maneno kwa viitikio virefu vya kurudiarudia, na kwamba weupe wanawaiga. Lalamiko lake ni ushahidi mzuri kuliko sifa yoyote. Kambi nyingi ziliwatenga weusi nyuma ya jukwaa la mhubiri, lakini ukuta wa mbao hauzuii wimbo.

SWALI: Nyimbo za kambini na zile za Sankey ni kitu kimoja?

JIBU: Ni baba na mwana. Nyimbo za kambini ni za mwanzoni mwa karne, vijijini, bila kinanda. Ira Sankey aliimba mijini, kumbini, akijipigia kinanda kidogo cha upepo cha kukanyaga, kando ya mhubiri D. L. Moody. Walifika Uingereza mwaka 1873, na mwaka huohuo kijitabu cha kwanza cha *Sacred Songs and Solos* kikatoka, kurasa 24 tu. Baadaye kilifikia nyimbo 1,200. Marekani, Sankey na Philip P. Bliss walitoa *Gospel Hymns and Sacred Songs* mwaka 1875, na matoleo yake sita yaliunganishwa mwaka 1894 kuwa nyimbo 739.

Tofauti ya muundo ni kwamba hapa kiitikio hutungwa pamoja na beti, kwa sauti nne, kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) chache zisizobadilika haraka, karibu daima meja. Watungaji walikuwa watu wa kazi hiyo. Fanny Crosby, kipofu tangu utotoni, aliandika maneno ya nyimbo zaidi ya 8,000, mengi chini ya majina ya kubuni kwa sababu wachapishaji hawakutaka kitabu kizima kionekane cha mtu mmoja. Kwa kila wimbo mara nyingi alilipwa dola moja au mbili. Kuhusu fedha za vitabu, ambazo barua kadhaa zimetuuliza, Moody na Sankey hawakuzichukua. Za Uingereza zilisaidia kumalizia jengo la kanisa la Moody huko Chicago baada ya moto wa 1871, na za Marekani ziliwekwa chini ya wadhamini, zikafaidi shule za Northfield.

SWALI: "Blessed Assurance" inatushinda mwendo, na "It Is Well" kiitikio chake kinakufa. Kwa nini?

JIBU: "Blessed Assurance", tuni ya Phoebe Knapp ya 1873, iko 9/8. Mkihesabu mapigo tisa, itatambaa. Mkono wa mwongozaji ushuke mara tatu tu kwa kila kipimo, na ndani ya kila pigo ziingie silabi tatu nyepesi, ya kwanza ikiwa na uzito kidogo. Kosa jingine ni kuzisawazisha nota ndefu na fupi zikawa mbilimbili. Hapo wimbo unageuka wa gwaride. Jaribuni kwanza kwa kutamka maneno mkipiga mapaja, bila kuimba.

"It Is Well", maneno ya Horatio Spafford na tuni ya Bliss ya 1876, ina mwangwi: sauti za juu zinasema, za chini zinajibu, kisha zote zinaungana. Wanaume wakiwa wachache huimba pamoja na wanawake bila kungoja, na mwangwi unapotea. Tengeni watu watatu wa besi na tena ambao hawatafungua kinywa hadi sauti za juu zimalize, na wanawake washike nota yao kwa urefu wote ulioandikwa, bila kuongeza nguvu, ili jibu lisikike chini yake.